Shati la Kaka Lina Bitana Mgongoni

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba msaada wa mawazo, na uniwie radhi kwa mwandiko na kwa urefu, shule niliishia njiani na hapa naandika mtoto akiwa mgongoni, kila nikisimama kumbembeleza nikirudi sikumbuki nilikuwa nasema nini. Wewe hunijui lakini mimi nakujua tangu mdogo, maana mama yangu alikuwa fundi cherehani na magazeti ya zamani alikuwa akiyakatia vipimo vya nguo, ila ukurasa wako alikuwa haupitishii mkasi kabla hajausoma, anausoma amesimama, anaguna, halafu ndipo unageuka kola.

Mimi nina mtoto mmoja, nami pia ni fundi cherehani, naishi kwa shangazi yangu, dada wa baba. Nina kaka mmoja tu, na huyo kaka ndiye aliyewaua baba na mama yetu. Nimeandika hivyo bila kuzunguka kwa sababu nikizunguka sitafika. Alikwenda polisi kwa miguu yake mwenyewe akasema, "Ni mimi," hakukana hata siku moja, mahakama imeshamtia hatiani na kilichobaki ni jaji kutaja adhabu. Sasa wakili wake, mama mmoja mpole anayeongea kama yuko wodini, amenijia anataka nisimame nieleze kaka alivyolelewa, maana jaji akiyajua hayo huenda akampa miaka yenye mwisho badala ya kifungo cha kufia humo ndani, na wa kuyaeleza nimebaki mimi peke yangu.

Baba alikuwa kinyozi, na ungeuliza mtaani kwetu nani ana mkono mwepesi ungeelekezwa kwake hata na watoto, maana mtoto aliyekuwa akiwalilia vinyozi wote akikalishwa kwenye kiti cha baba alinyamaza, baba anampigia mluzi na kumuuliza, "Mzee, tukunyoe, au urudi kwa mkeo hivyo hivyo?" na foleni nzima inacheka. Mimi baba hakuwahi kunigusa hata kwa ukucha. Mwanangu alimnyoa yeye, ameshika kile kichwa kama ameshika yai, na mtoto akalala papo hapo. Baba huyo huyo akifunga kibanda chake jioni alikuwa akiukunja mshipi wa ngozi wa kunolea wembe anautia mfukoni, na ukiona mfuko wa suruali umevimba unajua leo kaka ana kazi. Sababu haikuwepo. Kaka alipigwa kwa kucheka mezani, na alipigwa kwa kukaa mezani hacheki.

Na mama, mshauri, hapa ndipo kalamu inaponigomea. Mama akiuona ule mfuko alikuwa anainuka kimya anakwenda kukaa kwenye cherehani, anaanza kukanyaga, kitambaa kiwepo kisiwepo, sindano inapanda na kushuka hewani, na mimi ananivuta nikae sakafuni karibu na miguu yake niangalie kanyagio linavyocheza, nikadhani ni mchezo wetu. Majirani walichosikia ni cherehani. Walikuwa wakisema mama yule hachoki.

Ni mama huyo huyo aliyemshonea kaka mashati mazuri kuliko ya mtoto yeyote pale mtaani, mikono mirefu, vifungo mpaka kooni, hata jua likiwaka namna gani. Watoto wenzake wakamwita Mheshimiwa, akipita wanajipanga pembeni na kumuuliza, "Mheshimiwa, maji tutapata lini?" na kaka bila kucheka anawajibu, "Suala lenu linashughulikiwa." Mimi nilikuwa navunjika mbavu. Na mama zao wakawa wanawaambia, mnamwona mwenzenu anavyopendwa kwao?

Lakini fundi mwenzangu akisoma hapa atanielewa. Shati la mtoto la kila siku halitiwi bitana, bitana ni ya koti. Mashati ya kaka yalitiwa bitana mgongoni, kitambaa laini cha pamba, ili damu isitokeze nje na ili kidonda kisikwaruzwe. Mimi kushona nilifundishiwa kwenye bitana hizo. Mama alikuwa akiniambia, "Mshono uelekeze nje, mwanangu, ndani kubaki laini." Hakusema kwa nini.

Kaka alipokua aliondoka, akapata kazi ya kufunga umeme kwenye majengo, akawa haji nyumbani ila kwa nadra. Siku yenyewe mimi sikuwepo, nilikuwa nikiishi na baba wa mtoto, na asubuhi ya siku hiyo kaka alipita kwangu akampakata mwanangu akamtazama muda mrefu mno, mpaka nikamtania, "Mheshimiwa, huyo hapigi kura," akatabasamu akaondoka. Yaliyofuata alinieleza mwenyewe nilipokwenda kumwona mahabusu. Alikwenda nyumbani akitaka baba aseme neno moja tu. Alimwambia, "Baba, sema tu kwamba yalitokea." Baba akacheka akamjibu, "Mbona umekuwa mtu? Ungebembelezwa leo ungekuwa na kazi hiyo?" Kaka anasema hata hapo alikuwa anaondoka, ameshashika kitasa cha mlango. Halafu akasikia mama anavuta kiti, akasikia cherehani inaanza. "Mdogo wangu," aliniambia, "nilikuwa mtu mzima, hakuna aliyenigusa, na mgongo wangu ukajua zamu imefika."

Mengine mliyaandika ninyi wenyewe gazetini na mimi siwezi kuyarudia. Mama hakuinuka kwenye kile kiti.

Tangu hapo, mshauri, sijui niseme nimebaki na nani. Baba wa mtoto alikaa wiki chache, kila nikishika kisu cha jikoni ananitazama mkono, mwisho akaniambia damu yenu siielewi, akachukua begi lake na redio. Wateja wangu walikuwa wanaleta nguo mpaka mlangoni, siku hizi wanapita upande wa pili wa barabara na vitambaa vyao kwapani, na kama tukikutana ana kwa ana wananisalimia haraka haraka kama wana deni langu. Shangazi ndiye aliyenipokea na mtoto, ananishikia mtoto, ananipa chumba, na cherehani ya mama ikaja na mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nilijaribu kuishonea. Siku moja nikawa nakanyaga, kazi imenoga, kugeuka nikamkuta mwanangu sakafuni amelia mpaka sauti imekauka na mimi sikusikia chochote. Nikaifunika na shuka. Haijashona tena.

Sasa huko mahakamani, mwendesha mashtaka alitoa picha yetu ya zamani, kaka amesimama kati ya baba na mama ndani ya shati lake, akamwambia jaji, tazama mtoto huyu alivyovalishwa, hivi ndivyo anavyovalishwa mtoto anayeteswa? Tena akasema kaka ana dada aliyekulia nyumba ile ile na hajaua hata nzi. Watu wakanigeukia wote. Nilikuwa nimekaa pale nyuma na lile shati lenyewe ninalo kwa shangazi, nililikuta kwenye droo ya cherehani, dogo, limekunjwa vizuri, na kwa ndani bitana ina madoa ambayo mama yalimshinda kufua.

Shangazi nilipomwambia wakili anachotaka aliacha kukunja nguo akanitazama. "We mtoto, unataka kumfukua kaka yangu umuue tena mbele za watu?" Nikamwambia shangazi, nitasema ukweli tu. "Ukweli gani? Sisi hatukupigwa? Mimi na baba yako tulipigwa na babu yako kwa mshipi huo huo unaousema, tukashindwa hata kukaa, tuliua mtu?" Halafu akasema taratibu, na hiyo ndiyo iliyoniumiza, "Ukienda kusema, ukitoka huko usipitie hapa. Nitakuwa nimezika vya kutosha." Na sina pengine pa kupitia.

Na kaka mwenyewe, nilipomuuliza, aliniambia, "Baba mseme ukitaka. Mama muache." Halafu akauliza kama mtoto ameota meno. Nikamwambia mawili ya chini. Akafurahi, mshauri, akafurahi kweli kweli, kama nimempelekea habari ya kuachiwa, na mimi nikatoka pale nikijiambia ipo siku atayaona, hata kama yatakuwa yameshang'oka yakaota mengine.

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayewajibu watu wote. Mtu aliyeumizwa utotoni ni haki apunguziwe adhabu ya kuwaua wazazi wake? Baba labda mtu ataelewa, lakini mama alikuwa amekaa tu anakanyaga cherehani. Nikisema habari ya shati ninamsaidia kaka lakini ninamuua mama mara ya pili, na hayupo wa kujitetea. Nikinyamaza nitakuwa na shangazi na paa juu ya mwanangu. Nampenda baba, nampenda mama, nampenda kaka, na hao watatu hawawezi tena kukaa chumba kimoja hata moyoni mwangu. Nisimame au nikae?

Ni mimi, fundi ambaye cherehani yake imefunikwa shuka.

*

Mwanangu fundi,

Pole. Barua yako nimeisoma nimesimama, kama alivyokuwa akinisoma mama yako, na nilipomaliza ilibidi nitafute kiti.

Nianze na swali lako kubwa, na jibu lake hutalipenda lote. Maumivu hayampi mtu ruhusa ya kuua. Kaka yako alikuwa na mkono kwenye kitasa cha mlango, maneno hayo ni yake mwenyewe. Mama yako alikuwa amekaa, hana kitu mkononi. Watu wawili hawapo tena na hakuna utoto wa mtu yeyote utakaowarudisha, kwa hiyo kaka yako ataadhibiwa, tena adhabu nzito, na wewe usiende mahakamani na tumaini la kutoka naye mkono kwa mkono. Mtu akikuahidi hivyo mkimbie.

Ila kupunguza na kufuta ni mambo mawili tofauti. Jaji anaadhibu mtu, na mtu hakuzaliwa siku ile aliyoshika kile kitasa. Mpaka sasa jaji amesikia habari za kinyozi mwenye mkono mwepesi na ameona picha ya mtoto nadhifu. Hiyo ni nusu. Ukimkatia mtu nguo kwa nusu ya vipimo wewe mwenyewe unajua itakavyokaa. Ndiyo, ni haki apunguziwe. Kiasi gani, hilo ni la jaji, wewe na mimi tusijivike joho lake.

Kuhusu huyo bwana anayesema mlikulia nyumba ile ile, asikutishe. Mlikulia chini ya bati moja, nyumba mbili. Katika moja kulikuwa na baba anayepiga mluzi, katika nyingine kulikuwa na mfuko uliovimba. Wewe kutoua nzi hakumpimi kaka yako hata kidogo, na usikubali kutumiwa kama rula ya kumchapia.

Sasa mama. Hapa nitakukaripia kidogo, vumilia. Acha kusema kwamba utamuua mara ya pili. Maneno hayo ni ya kutisha watoto, na wewe una mtoto wako sasa. Mama yako alijua. Mama yako alimhurumia, bitana haishonwi kwa bahati mbaya. Na mama yako hakuinuka. Yote hayo ni kweli kwa pamoja, wala huna haja ya kuchagua moja uiachie mahakama. Wakili akitaka useme alikuwa mama mbaya, kataa. Shangazi akitaka useme alikuwa mama mwema na basi, kataa pia. Sema alichofanya, kwa mpangilio alivyokifanya, uache watu wazima waliomo humo ndani wafikiri wenyewe. Huenda naye aliogopa ule mshipi kuliko wote, hatujui, alikuwa akinisoma miaka yote hiyo na hakuniandikia hata mstari mmoja. Ningempa jibu kali. Ningempa pia mahali pa kwenda.

Kaka yako anakuomba mama umuache. Unajua nani anaomba hapo? Ni yule mtoto wa vifungo mpaka kooni, bado analinda shati lisifunuke. Mwonee huruma lakini usimtii. Utaapa kusema kweli, na kweli iliyokatwa nusu itamrudisha kwenye shati lile lile. Nenda ukamwambie kabla, uso kwa uso, kwamba utayasema yote. Akikasirika mwache akasirike, halafu mpe habari ya meno.

Kwa shangazi ndiko unakoogopa zaidi, nami nakuelewa, mtu mwenye mtoto mgongoni hachezi na paa. Lakini rudia kusoma ulichoniandikia. Alipokuwa akikufukuza alikwambia kwamba yeye na baba yako walipigwa kwa mshipi huo huo mpaka wakashindwa kukaa. Huyo unayedhani anakufungia mlango amekuonyesha mgongo wake. Na mwanangu, kama utoto wa kaka yako unampunguzia, basi na baba yako mpunguzie wewe moyoni mwako, maana naye alikuwa mtoto wa mtu na hakuna aliyesimama kumsemea. Usiwe na huruma ya mtu mmoja tu. Mchana mmoja kaeni mkunje nguo, umuulize shangazi wakati ule ilikuwaje, yeye na kaka yake, halafu nyamaza. Usimshawishi. Usimwambie habari ya mahakama mpaka aishiwe na maneno. Akishamaliza, mwambie utakwenda, umtajie siku, ili asikusikie kwa jirani. Huenda akakufukuza kweli. Kwa hiyo kabla ya mazungumzo hayo mwambie wakili akutafutie pa kufikia wewe na mtoto, na usimwonee haya, yeye ndiye anayekuhitaji zaidi. Mjulishe wakili vilevile kwamba utasema baba yako alikuwa mwema kwako na alimnyoa mwanao kwa upole, na utasema hakuna aliyemgusa kaka yako siku ile. Ushahidi unaoficha mema ya baba hautaaminika ukitaja mabaya yake.

Mtoto usiende naye ndani ya chumba cha mahakama. Shati nenda nalo. Mkabidhi wakili mapema, asilifue mtu yeyote. Na siku watakapokuuliza, usihangaike na maneno makubwa, shule haina kazi hapo. Liombe lile shati, lishike mabegani kama unavyolishika unapomvika mtoto, kisha ligeuze. Waache waangalie ndani.

Nimalizie na cherehani, maana naona ndiyo inayokunyima raha kuliko jaji. Usiiuze, na usiiogope, chuma hakina kosa. Toa lile shuka. Isogeze karibu na mlango, mlango uwe wazi, mtoto mkalishe mbele yako, usimweke nyuma tena. Anza na nguo yake mwenyewe, kigauni au kaptula, kitu chepesi kisicho na bitana. Wale wanaopita upande wa pili wa barabara watasikia, na mmoja wao zipu yake itaharibika mapema kuliko kiburi chake.

Na mtoto akilia, hata kama mshono umebaki kidogo tu, toa mguu kwenye kanyagio.